Mdaiwa Wako ni Kampuni Iliyokuuzia Bima

Mteja anapoingia ofisini kwangu na barua inayosema kwamba fidia yake inasubiri idhini ya kampuni za bima mtawanyo, yaani zile zinazozikatia bima kampuni nyingine za bima, mara nyingi huwa ameshangoja miezi mingi kwa utulivu, kwa kuwa ameamini kwamba fedha zake zimeshikwa na watu wa mbali asiowajua. Imani hiyo nimeisikia mara nyingi mno, kwa wafanyabiashara wazoefu na hata kwa wanasheria wenzangu, nayo inaniudhi kuliko nyingine zote kwa sababu inamnyamazisha mtu mwenye haki.

Ukweli ni kwamba kuna mikataba miwili, na mwenye bima yumo katika mmoja tu. Katika mkataba wa kwanza, kampuni ya bima imeahidi kumfidia mteja. Katika wa pili, kampuni hiyohiyo imejikinga na uzito wa ahadi zake kwa kuugawa kwa kampuni ya bima mtawanyo. Ikiwa imegawa asilimia 70 ya hatari na kubaki na asilimia 30, bado inadaiwa na mteja asilimia 100. Hata pale inapotoa hati ya bima kwa jina lake huku ikihamishia kwa wengine karibu hatari yote, deni linabaki kuwa lake. Kampuni ya bima mtawanyo ikichelewa, ikibisha au ikifilisika, madhara yake humwangukia aliyeichagua, na mteja hakushirikishwa katika uchaguzi huo.

Kusubiri huko kuna sababu, na ni haki kuieleza. Mikataba mingi ya bima mtawanyo huitaka kampuni ya bima itoe taarifa ya dai mapema, au isikubaliane na mteja kabla ya kupata ridhaa. Katika kesi ya Insurance Company of Africa dhidi ya Scor, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilieleza mwaka 1985 kwamba ahadi ya kufuata malipo, yaani ya kurejesha kile ambacho kampuni ya bima imekubaliana na mteja wake, humfunga mtoa bima mtawanyo iwapo dai linaangukia kisheria ndani ya hatari alizozibeba, na kampuni ya bima imelishughulikia kwa uaminifu na kwa hatua zote zinazostahili kibiashara. Hata hivyo, mkataba ule ulikuwa pia na kifungu kilichokataza makubaliano bila idhini, na kifungu hicho kikaipunguzia ahadi hiyo nguvu kwa kiasi kikubwa. Kampuni inayoogopa kupoteza marejesho yake ina sababu ya kuogopa, lakini hofu hiyo ni ya mkataba wa pili. Isipokuwa hati ya mteja mwenyewe inasema hivyo, ridhaa ya mtu wa tatu si sharti la yeye kulipwa.

Wengine huniambia kwamba kampuni haiwezi kulipa kwa kuwa yenyewe haijalipwa. Huo ni upungufu wa fedha mkononi, na kisheria haulifuti deni. Isitoshe, mwaka 1996, katika kesi ya Charter Re dhidi ya Fagan, majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walikataa hoja kwamba maneno ya mkataba wa bima mtawanyo yaliyotaja kiasi kilicholipwa hasa yalimtaka mdai, yaani kampuni iliyojikinga, atoe fedha zake kwanza ndipo arejeshewe. Walitosheka kwamba dhima yake imethibitika na kiasi chake kujulikana.

Mkanganyiko huohuo huumiza zaidi kampuni ya bima inapofilisika. Mteja hufikiri kwamba sasa atakwenda moja kwa moja kwa mtoa bima mtawanyo, ilhali katika mifumo mingi ya sheria hana mkataba naye, na marejesho huingia katika mfuko wa mfilisi ili yagawanywe kwa wadai kwa utaratibu wao. Kinga ni kifungu cha malipo ya moja kwa moja, kinachomwezesha mteja kulipwa na mtoa bima mtawanyo mwenyewe, nacho huombwa kabla hati haijatolewa. Mwenye mali kubwa namsihi akiombe wakati huo, na barua ya kusubiri idhini ikimfikia, ajibu siku hiyohiyo kwa maandishi akiuliza ni kifungu gani cha hati yake kinachoruhusu ucheleweshaji huo.

Dhana nyingine nitazitaja kwa ufupi. Kiasi kilichoandikwa katika hati ya bima ya mali ni ukomo wa malipo, si zawadi inayosubiri ajali. Kanuni ya fidia, iliyosisitizwa katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston mwaka 1883, hairejeshi zaidi ya hasara, ingawa mkataba wa thamani iliyokubaliwa, ambamo thamani ya mali hupangwa tangu mwanzo, huenda njia yake. Pia si kweli kwamba jambo lolote ambalo mteja hakulitaja alipoomba bima huiua bima hiyo. Wanaomnukuu jaji wa Uingereza Lord Mansfield katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766 husahau kwamba aliyeshinda alikuwa mwenye bima, gavana wa ngome ya Sumatra iliyotekwa na Wafaransa, kwa kuwa mtoa bima alizijua au angeweza kuzijua hatari alizodai kufichwa.

Mwisho ni wale wanaoona ada ikipanda bila wao kudai chochote, wakahitimisha kwamba wanaibiwa. Moto wa mji wa Glarus, Uswisi, wa mwaka 1861 ulitangulia kuanzishwa kwa kampuni ya bima mtawanyo ya Swiss Re mwaka 1863 kwa sababu mji mmoja ukiungua, bima za mji huohuo hazitoshi kubeba hasara. Mtawanyo huo unafanya kazi pande zote mbili. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida mwaka 1992, kampuni kadhaa za bima zilianguka na bei ya kinga ya majanga ikapanda hata mbali na Florida. Mikataba mingi ya bima mtawanyo huhuishwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo mteja anayetaka kujadili ada aanze miezi kadhaa kabla, akiwa na rekodi ya madai yake mkononi.