Je, wajua kwa nini Marekani hufunga msitu ambao hauungui?

Hili swali mimi mwenyewe nililijibu vibaya, tena kwa kujiamini, kwa hiyo acha nianze na aibu yangu. Mwisho wa Juni 2021 nilikuwa napita na lori barabara kuu ya I-40 pale Flagstaff, Arizona, nikaingia kujaza mafuta nikakuta paking imejaa vitu ambavyo siyo malori. Vani za zamani, basi la shule limepakwa rangi ya bluu, trela zina baiskeli nyuma, mbwa wamelala chini ya magari, mzee mmoja anakaanga mayai kwenye jiko dogo la gesi mlangoni kwa vani yake. Nikampigia mshikaji wangu wa Dar nikamwambia huku msitu umeteketea, watu wote hawa wamekimbia moto, masikini.

Sasa ungeangalia pande zote za barabara ungeona misonobari imesimama kijani, wala hakuna mti uliobabuka hata mmoja, ila mimi sikuangalia. Yule mzee nilipompa pole alinicheka. Akasema sisi hatujakimbia moto, tumetolewa ili moto usije.

Huo msitu unaitwa Coconino, una ekari zaidi ya milioni 1.8, na ulifungwa wote tarehe 23 Juni mwaka ule ukaja kufunguliwa mapema Julai. Sehemu kubwa kabisa ya hizo ekari ilikuwa haijaguswa na moto. Mimi kichwani kwangu "kufungwa" ilikuwa kama vile nyumba ikiungua polisi wanazungushia utepe, kumbe wenzetu wanazungushia utepe nyumba nzima kabla hata kiberiti hakijatoka mfukoni. Na nimegundua siko peke yangu, karibu kila mtu niliyemuuliza anaamini geti la msitu linafungwa kwa sababu nyuma yake kuna moto. Wakati mwingine ni kweli, eneo linaloungua nalo hufungwa, lakini ile kufunga msitu mzima mzima ni kitu kingine.

Mfano mzuri zaidi ni California, mwaka huohuo. Usiku wa Agosti 31 wakafunga misitu ya taifa yote ya kanda ile kwa mpigo. Kaskazini moto wa Dixie ulikuwa unaendelea, ule uliokuja kufikia ekari 963,000, na Caldor ulikuwa umeshahamisha mji wa South Lake Tahoe. Hapo unaelewa. Lakini walifunga pia msitu wa Cleveland, ambao uko karibu na San Diego, kule chini kabisa mpakani na Mexico, mamia ya kilomita kutoka kwenye hiyo mioto. Tena misitu mingi ya kaskazini na kati ilipofunguliwa Septemba 15, Cleveland na mingine mitatu ya kusini ikaongezewa wiki moja. Yaani walio mbali na moto wakakaa nje muda mrefu kuliko wengi wa kaskazini! Na kuna kituko kingine nakipenda sana: msitu wa Humboldt-Toiyabe una kipande chake ndani ya California, ila kiofisi unahesabiwa kanda ya jirani, kwa hiyo wenyewe haukufungwa. Nyasi zilezile, jua lilelile, ila faili liko ofisi nyingine.

Sababu ni nini? Wazima moto wa kusini walikuwa wamepelekwa kaskazini. Ni kama mtaa wenye boza moja la maji, boza limeenda mtaa wa pili kuzima nyumba, halafu mjumbe anapita anasema leo jioni asiwashe mtu jiko la mkaa. Mtaa wako hauungui, shida ni kwamba ukiungua hakuna wa kuja. Marekani moto mwingi sana wa porini huzimwa ukiwa bado mdogo, siku ileile, na mioto mikubwa unayoiona kwenye habari ni ile michache iliyoponyoka. Ukipunguza watu wa kuwahi ile midogo, inayoponyoka inaongezeka. Na kwa kuwa kama asilimia 84 ya mioto ya porini kule huanzishwa na binadamu (radi ndo inachukua iliyobaki, na radi haisomi matangazo), njia rahisi ni kuondoa binadamu.

Ila kukosa boza peke yake hakutoshi kufunga msitu, lazima na kuni zenyewe ziwe zimefika mahali. Hapa ndo panaponifurahisha, maana ni hesabu ya kuanika nguo.

Chukua kamba ya nguo. Umeanika leso, kanga, jinzi na godoro. Leso inakauka unaiangalia. Kanga kabla ya mchana. Jinzi inakula siku nzima, na godoro, kama mtoto amekojolea, unalitoa na kulirudisha ndani siku kibao. Wataalamu wa moto wamegawa kuni za msituni hivyohivyo, kwa saa. Nyasi na vijiti vya chini ya robo inchi ni kuni za saa 1, mpaka inchi moja ni za saa 10, mpaka inchi tatu ni za saa 100, na magogo ya inchi tatu mpaka nane ni ya saa 1,000, karibu siku 42. Siyo kwamba baada ya hizo saa gogo limekauka lote, ni muda ambao limesafiri kama theluthi mbili ya njia kuufuata ukavu wa hewa ya nje. Kila hewa ikibadilika safari inaanza upya.

Yeyote aliyewasha moto wa kuni anajua njiti ndo zinashika, gogo linajikongoja tu. Msitu wa kawaida uko hivyo, nyasi zimekauka lakini magogo yana unyevu, moto unapita juu juu na unazimika. Sasa ikipita miezi bila mvua hewa ikiwa kavu, godoro nalo linakauka, na gogo lililolala chini linakuwa kavu kuliko mbao nyingi za dukani. Hapo gogo nalo linakuwa njiti. Yule mzee aliokota kijiti pembeni ya paking akakivunja mbele yangu, kat, kama tambi kabla hazijaingia kwenye sufuria. Akaniambia hicho siyo kitu, hicho ni cha saa moja, ungesikia gogo ukilikanyaga.

Na ndo maana mvua moja ya jioni haifungui geti. Watu wanalalamika jana si ilinyesha? Imenyesha, leso imelowa, lakini kesho saa nne leso imekauka tena na godoro halijui hata kama kulikuwa na mvua. Wanasubiri mvua za msimu. Arizona kalenda ya msimu inaanza Juni 15, ila mawingu yenyewe mara nyingi yanakuja Julai, na hizo wiki za katikati ndo mbaya kuliko zote.

Kabla ya kufunga huwa kuna ngazi. Kwanza wanakataza moto wa wazi nje ya kambi rasmi, halafu wanakataza moto kila mahali na kuvuta sigara nje (jiko la gesi lenye swichi ya kuzima kawaida linaruhusiwa), na mwisho wanafunga. Ukikutwa ndani ni faini mpaka dola 5,000 au jela mpaka miezi 6, au vyote.

Sasa hawa wa kwenye magari wanaingiaje? Misitu ya taifa siyo hifadhi za taifa. Iko chini ya idara ya misitu ya wizara ya kilimo, na Yosemite au Grand Canyon ziko wizara nyingine kabisa. Ni kama kwetu Tanzania TFS ya misitu na TANAPA ya hifadhi, ila zetu ziko wizara moja. Misitu hii ina ekari milioni 193, na sehemu nyingi unaruhusiwa kulala bure nje ya kambi rasmi, kwa kawaida siku 14 kisha unahama. Kwa mtu anayeishi kwenye vani, mstaafu wa pensheni ndogo, kijana wa kazi za msimu, mtu aliyeshindwa kodi, hiyo ndo nyumba. Wanahama na hali ya hewa kama wafugaji. Baridi wanashuka jangwani, joto wanapanda milimani. Mji wa Phoenix, kule chini jangwani, uko mita 330 hivi juu ya bahari, Flagstaff 2,100, na kwa kanuni ya nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000 unapata nafuu ya nyuzi kama 11. Juni 17 mwaka ule Phoenix ilifika karibu nyuzi 48. Fikiria uko ndani ya bati.

Unaona mtego ulipo. Msitu unakauka kipindi kilekile ambacho bondeni hapalaliki, na ukifungwa ardhi nyingine ya bure iliyo wazi ni ile ya jangwani walikotoka. Kwa hiyo wanajazana paking za malori na za maduka makubwa, zile ambazo bado zinaruhusu, au wanalipia viwanja vya karavani, makumi ya dola kwa usiku. Barabarani mjini nako siku hizi pagumu zaidi, Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwenye kesi ya Grants Pass, Oregon, kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje hata kama hawana pa kwenda.

Kinachonishangaza zaidi ni neno moja. Amri za kufunga huwa na msamaha kwa wenye ardhi na wakazi wa ndani ya msitu. Nikadhani basi hawa si wakazi? Hapana. Kanuni za misitu zinakataza kuugeuza msitu makazi bila kibali, kwa hiyo anayelala pale kila kiangazi kwa miaka kumi kisheria ni mgeni aliyepiga kambi.

Wangapi wanaathirika, hapo hesabu ni nyembamba. Wasio na makazi Marekani huhesabiwa usiku mmoja, mwisho wa Januari, wakati milima ya Flagstaff ina theluji na hawa watu wametawanyika jangwani, na wengi wao hata hawajiiti wasio na makazi. Vilevile kusema kufunga kunazuia moto ni jambo la akili ya kawaida lakini gumu kulithibitisha, huwezi kuhesabu moto ambao haukuwaka.

Ila sitaki nionekane nawatetea tu. Moto wa Carr, California, Julai 2018, ekari zaidi ya 229,000 na watu wanane wamekufa, ulianza na trela iliyopata pancha, rimu ikakwaruza lami, cheche zikaingia kwenye nyasi. Hakuna aliyechezea kiberiti. Na Septemba 2020, hukohuko California, moto wa Creek uliziba barabara ya kutokea kwenye bwawa la Mammoth Pool, na ikabidi helikopta za jeshi zibebe zaidi ya watu 200 usiku, wengine wana majeraha ya moto. Gari kuukuu, barabara moja ya vumbi, simu haina mtandao, kweli hapo mtu akikuambia utoke, toka.

Yule mzee tulibadilishana namba. Julai akanitumia picha: mvua zimefika, geti liko wazi, na vani yake imezama kwenye tope mpaka usawa wa rimu.