"Goti langu limelika": wanawake watu wazima na kambi ya kuogelea Lamu

Juzi tena. Bibi wa mtaa wa Langoni, miaka 63, alinijia na bahasha ya eksirei aliyoifunga ndani ya leso isilowe. Bintiye amemwandikisha katika kambi ya wiki moja ya kuogelea kwa wanawake, upande wa kisiwa cha Manda, ng'ambo ya kijiji cha Shela, naye alikuja nimwandikie barua ya kumtoa. "Mwanangu, goti langu limelika. Hili lililobaki nalitunza, nikilitumia litakwisha."

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki katika kazi yangu ya fiziotherapia, na kila nikiyasikia huniuma, kwa sababu najua yanampeleka wapi anayeyaamini. Watu wanaliona goti kama kipande cha sabuni: kila ukikitumia, kinapungua. Barua sikumwandikia.

Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huipenya pale goti linapolemewa kisha likaachiliwa, kama sifongo inayokamuliwa ikanyonya tena. Anayeketi kutwa analinyima goti chakula. Huku nyuma misuli ya paja, ambayo kazi yake ni kupokea kishindo cha kila hatua, inasinyaa. Goti linabaki halina msaidizi, linauma zaidi, na mwenyewe anazidi kukaa. Wengi wanaonifikia hawakuharibiwa na kutembea. Waliacha kupanda darini nyumbani kwao miaka kadhaa nyuma, wakidhani wanajihurumia.

Na hiyo eksirei isiwatishe. Wako wengi waliovuka miaka 60 ambao picha zao zinaonyesha nafasi ya goti imebana, nao wanapanda ngazi za mawe kila siku bila malalamiko. Wako wengine picha safi kabisa na usiku hawalali kwa maumivu. Picha inaonyesha mifupa. Nguvu ya paja haimo.

Kwa hiyo nikamketisha yule bibi kwenye baraza la nje, mikono kifuani, nikamwambia ainuke bila kujishika. Akainuka mara nne. Ya tano akasukuma kwa kiganja, ya sita hakuweza. Nikamwonyesha paja lake: hapa ndipo penye ugonjwa, mamangu. Nikampa kazi ya kuinuka mara 10 asubuhi na mara 10 jioni, ajisaidie kwa mkono mpaka mkono usihitajike. Ni zoezi ninalompa kila mtu na sitaliacha, maana halina gharama na kila nyumba ya Lamu ina baraza.

"Kwa umri huu misuli itatoka wapi?" Hapo ndipo ninapowatajia utafiti wa Boston, Marekani. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya wazee dhaifu 10 wa makao ya kulea wazee, wastani wa umri wao miaka 90, waliofanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu ya miguu ya waliomaliza iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90, si 63. Na Mieko Nagaoka wa Japani alianza kuogelea akiwa amefika miaka 80 hivi, kwa sababu hiyo hiyo ya goti lililoumia. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, alimaliza mashindano ya kuogelea mita 1,500 mjini Matsuyama kwa saa moja na dakika 15 na sekunde kadhaa.

Ukisimama kwenye maji ya kiuno, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako. Maji ya kifua, kiasi cha theluthi au chini yake. Maji ya shingo, sehemu moja ya kumi hivi. Bibi wa kilo 80 aliyesimama maji ya kifua anabeba kilo 25 tu, na goti linakunjika na kukunjuka mara mia bila kulia. Sasa niambieni, kitandani ataupata wapi wepesi huo?

Mawili tu nayasisitiza kwa mwenye goti bovu. La kwanza, akatae kufundishwa teke la chura siku za mwanzo. Lile teke la kutupa miguu nje huvuta upande wa ndani wa goti. Apige maji kwa mguu ulionyooka, nguvu itoke nyongani. La pili, goti huumia zaidi wakati wa kutoka. Uzito unarudi ghafla na wimbi linampiga nyuma ya magoti. Asimame maji ya kiuno kwanza, atulie, atoke taratibu akiwa ameshika mkono wa mwenziwe.

Maumivu kidogo baada ya mazoezi si kuharibika. Kama kesho yake goti limerudi lilivyokuwa, endelea. Likivimba, likiwa la moto, likikwama lisikunjuke, au ukipata homa, nenda hospitali.

Hofu nyingine ninazoletewa, za unene, baridi, stara na presha, nazijibu kwa ufupi. Mnene hazami upesi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na maji ya bahari yana chumvi ya kama gramu 35 kwa kila lita, yanambeba vizuri kuliko kijana aliyekonda. Bahari haileti baridi yabisi. Huo ni ugonjwa wa kinga ya mwili inayoshambulia viungo, na maji yetu ni vuguvugu mwaka mzima. Stara haizuii chochote, kambi ni ya wanawake watupu, ila mavazi yawe ya kuogelea yaliyositiri. Dera likilowa linazinga miguu, na buibui ni zaidi. Hilo silikubali hata kwa maji ya magotini. Mwenye presha isiyotulia au moyo aonane na daktari kabla, kwani maji yanasukuma damu nyingi kuelekea kifuani.

Na wale walioogelea wakaambiwa sasa mifupa yao imekuwa imara, wamedanganywa kwa upande wa pili. Mfupa huimarika ukibebeshwa uzito, na maji yanauondoa uzito huo. Ngazi na kutembea viendelee baada ya kambi.

Lililobaki linanitia hofu kuliko yote: "Nikishajua kuogelea, jaketi la kuokolea la nini?" Wiki moja inakufundisha kulala chali ukaelea na kurudi ufukweni maji yakiwa yanajaa, mwalimu akiwa kando yako. Haikufundishi kupambana na mkondo wa maji yanayotoka, usiku, na nguo zako zote mwilini. Ukipanda boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara, jaketi livae na ulifunge kamba zote kabla nahodha hajawasha mashine, na mjukuu uliyempakata umvalishe la saizi yake.