Kufunga ruzuku si kuikata

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi hapa Columbus, Ohio, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akasimama na barua mkononi akasema: "Kaunti imefunga ruzuku. Watoto hawana tena masomo ya jioni." Ukumbi ukazizima. Akina mama wakaanza kuulizana nani atabaki na watoto kuanzia saa tisa mpaka watu watoke kazini. Baada ya kikao niliiomba ile barua nikaisoma. Ilikuwa inakumbusha kwamba kipindi cha ruzuku kimekwisha, na kwamba shirika letu lina siku 90 za kupeleka ripoti ya mwisho ili ruzuku ifungwe. Masomo yenyewe yalishahamishiwa fungu jingine tangu Agosti.

Neno hili limenichosha kulisikia likitumika hivyo, maana kazi yangu ni hiyohiyo: nasaidia miji midogo na mashirika yake kusimamia fedha za msaada za serikali kuu ya Marekani mpaka zifungwe. Mwaka 2025, Marekani ilipositisha miradi mingi ya USAID, ndugu zangu wa Tanzania na Kenya walinitumia ujumbe uleule: "Wamefunga ruzuku." Hapana. Walizisitisha. Kazi ya kuzifunga ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na iliwaangukia wahasibu waliokwisha kupewa barua za kuachishwa kazi.

Maana yake kwa ufupi: kufunga ruzuku ni hatua ambayo mtoa fedha na mpokeaji wanathibitisha kwamba kazi imefanyika, malipo yote halali yamelipwa, bakaa imerudishwa, ripoti za mwisho zimepokelewa na mali iliyonunuliwa inajulikana ilipo. Aliyewahi kuwa mtumishi wa halmashauri nyumbani anaijua tayari kwa jina jingine, kurejesha masurufu. Unapewa fedha za safari, unasafiri, unarudi na stakabadhi na chenji, jina lako linafutwa kwenye daftari la wadaiwa. Ruzuku ni safari ndefu zaidi, na daftari lake ni nene zaidi.

Shida yote inatoka kwenye maneno yenyewe, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Anza na kufunga. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani, tunafunga bao, tunafunga mkataba. Tena tunafunga safari, na hapo ndipo safari inapoanza! Ukiyapanga utaona kuna kufunga kwa kuziba, kama mlango na bomba, na kuna kufunga kwa kukaza, kama kamba na mkataba. Mzee wetu alisikia la kwanza: bomba limefungwa, maji hayaji. Mhasibu anasema la pili, la mwenye duka anayefunga hesabu jioni. Kufunga duka na kufunga hesabu anavifanya saa ileile, lakini akifunga duka bila kufunga hesabu, kesho atafungua asijue ana nini. Wazee waliona mbali waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

Halafu ruzuku. Ni ndugu wa riziki, yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, na Kiajemi kina neno la jamaa hiyo, *ruzi*, chakula cha siku, kutoka *ruz*, siku. Mola anakuruzuku. Unapata, unakula, unashukuru, na hakuna anayekudai stakabadhi ya riziki. Masikio yetu yamelelewa hivyo. Siku hizi tena tunasema mbolea ya ruzuku na unga wa ruzuku, ambapo serikali inabeba sehemu ya bei na mkulima au mlaji hana hesabu ya kurudisha. Kiingereza kilikwenda njia nyingine. Neno lao, *grant*, lilipitia Kifaransa cha zamani, na shina lake la Kilatini ni kuamini. Anayetoa amekuamini, na aliyeaminiwa huulizwa. Sitaki tuache neno ruzuku, ni zuri na limekaa. Nataka tu tukilisikia kwenye karatasi ya serikali tukumbuke kwamba hapo limebeba amana.

Sasa tazama fedha zenyewe. Tarehe 11 Machi 2021 Rais Joe Biden alisaini sheria ya uokoaji baada ya korona, na ndani yake mlikuwa na dola bilioni 350 za majimbo, kaunti, miji na mataifa ya wenyeji wa asili. Kaunti zilitengewa bilioni 65.1. Miji midogo, ile ambayo kwa kawaida haifiki watu 50,000, ilitengewa bilioni 19.53 zilizopitia majimboni. Mingi ya miji hiyo ina karani mmoja anayeandika muhtasari wa baraza, anakusanya bili za maji na kujibu simu. Siku moja huyo karani akajikuta anasimamia fedha ambazo masharti yake yanajaza kurasa kwa mamia.

Fedha hizi zina tarehe mbili, na tarehe ya kwanza ndiyo iliyoumiza watu. Mpaka 31 Desemba 2024 kila dola ilitakiwa iwe imefungiwa wajibu wa malipo, yaani kuna mkataba, oda au makubaliano yanayomlazimu mpokeaji kulipa. Mpaka 31 Desemba 2026 iwe imelipwa. Neno la Kiingereza la ile hatua ya kwanza, *obligation*, lina shina la Kilatini *ligare*, kufunga kwa kamba. Kwa hiyo kabla ya kufunga ruzuku kuna kufunga kwingine: kuifunga dola kwenye mkataba, isiweze kwenda pengine. Kura ya baraza haifungi dola. Bajeti haifungi dola. Bajeti ni nia.

Nilikaa na karani wa mji mmoja mdogo mwanzoni mwa 2025, tukafungua kabrasha la pampu ya maji. Muhtasari wa kikao cha Novemba ulikuwa safi, umesainiwa na kugongwa mhuri: fedha zimetengwa kwa pampu. Nikaomba mkataba. Akafunua karatasi moja moja mpaka jalada la nyuma. Mkataba ulikuwa na tarehe ya Januari. Aliutazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama kuandika barua kungesaidia. Hakuwa mvivu wala mwizi, na pampu ilikuwa inahitajika kweli. Aliamini kwamba baraza likishapitisha, fedha zimeshafungwa. Zilirudi Hazina.

Wengine walipotezwa na nafuu. Kanuni kamili ya Hazina ya mwaka 2022 kuhusu fedha hizi iliruhusu mpokeaji kuhesabu mpaka dola milioni 10 kama fidia ya mapato yaliyopotea, bila kupiga hesabu ya hasara yenyewe. Kwa miji midogo mingi hiyo ilikuwa fedha yao yote, na ilifungua matumizi karibu yote ya kawaida ya serikali. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, na ninashukuru iliwekwa. Lakini tarehe zilibaki palepale, na ripoti zilibaki palepale. Nimekuta kabrasha lina karatasi moja tu iliyoandikwa kwa kalamu "mapato yaliyopotea", kisha basi.

Kuna kosa la tatu, nalo hata wahasibu wanalifanya: kudhani kwamba fedha zikiisha, ruzuku imejifunga. Akaunti kusoma sifuri ni jambo moja. Baada ya muda wa ruzuku kwisha, kanuni za jumla za serikali kuu zinampa mpokeaji siku 120 za kumaliza malipo na ripoti. Aliyepokea kupitia kwake, kama shirika letu lililopokea kupitia kaunti, ana 90, ili yule wa juu apate muda wa kujumlisha. Gari lililonunuliwa kwa ruzuku lazima liwe kwenye rejista: namba yake, fedha zilizolinunua, lilipo na hali yake, na likaguliwe kwa macho walau mara moja kila miaka miwili. Na hata hapo mlango haujazibwa. Kumbukumbu za fedha hizi za 2021 zinatunzwa miaka mitano baada ya matumizi kukamilika au fedha kurudishwa, na mkaguzi akija ndani ya muda huo akakuta malipo yasiyostahili, serikali inaweza kuyadai. Ndiyo maana nawasihi makarani wasitupe karatasi za mahudhurio eti kwa sababu ruzuku imefungwa.

Kusitisha, basi, ni kuamua fedha zisiendelee kabla ya muda wake. Kumaliza ni kutumia ya mwisho. Kufunga kunafuata baada ya lolote kati ya hayo, na ruzuku iliyosimamia kazi nzuri inastahili kufungwa vizuri, kwa sababu karatasi hizo ndizo shahidi pekee atakayebaki kwamba watoto walifundishwa na kwamba mwalimu alilipwa saa alizofanya kazi.

Mzee wangu, shikamoo. Najua utayasoma haya, na najua ulisimama kwa sababu unawajali wale watoto. Ukisimama tena kikaoni, sema tu kwamba muda wa ruzuku umekwisha na sasa tunaifunga. Halafu uniulizie kwa wazazi: zinakosekana karatasi za mahudhurio za wiki mbili za mwezi Machi, na siku zetu 90 zinahesabika tangu siku kipindi cha ruzuku kilipokwisha.