Sukari imepanda kwa mtoto mahututi, ndo kisukari?

Mtoto yuko ICU ana sepsisi, yaani maambukizi yameingia na mwili wenyewe katika kupambana nayo umechachamaa mpaka unaumiza viungo vyake, nesi anamchoma kidole, kimashine kinaandika 13 (milimoli kwa lita, namba zote za sukari hapa ni hizo) na mama pale pembeni anashika kichwa, kisukari tena jamani?

Hapana mama, mara nyingi sio kisukari. Mwili ukibanwa namna hiyo unamwaga homoni za msongo, adrenalini na kotizoli, kwa wingi, ini linafungulia sukari iliyokuwa akiba, insulini, homoni inayoshusha sukari, nayo hata ikiwepo inakuwa kama haisikilizwi, basi sukari inabaki inazunguka kwenye damu. Ongeza dripu ya dekstrosi (maji ya sukari) na dawa za steroidi, namba inazidi kupaa. Mtoto akipata nafuu huwa inashuka yenyewe.

Sasa ni kweli watoto ambao sukari yao inapanda sana na kukaa huko juu wanakufa zaidi kuliko wenzao. Ila ni sukari inayowaua au ni ugonjwa mkali ndo unaipandisha? Hapa wengi wanateleza, maana ukishaona namba mbaya mkono unawasha kuchukua insulini. Marekani walilijaribu hilo kwa watoto mahututi ambao sukari imepanda, ukiacha waliofanyiwa upasuaji wa moyo, hospitali 35, majibu yakatoka 2017: kundi moja sukari ikabanwa iwe 4.4 hadi 6.1, lingine likaachwa 8.3 hadi 10. Waliobanwa hawakutoka ICU mapema, na ambao sukari ilishuka hadi hatari walikuwa asilimia 5.2 dhidi ya 2.0 ya walioachwa. Ndo maana mwongozo wa kimataifa wa sepsisi kwa watoto wa 2020 unakataa insulini ya kulazimisha sukari ikae 7.8 au chini yake.

Mi naona kwa hospitali zetu huku ya kuogopa zaidi ni ile ya chini. Mtoto mdogo akiba yake ni kidogo, ana homa, hajala tangu jana, anatapika, na ubongo wake unaitegemea sukari hiyohiyo. Chini ya 2.5 (mwenye utapiamlo chini ya 3) hiyo ni dharura, anapewa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo, kwenye mshipa, na mshipa ukigoma kupatikana basi kijiko cha chai cha sukari iliyololoweshwa maji kidogo kinawekwa chini ya ulimi huku wakiendelea kuutafuta. Ukimwangalia kwa macho tu hujui, maana kulegea, degedege na kupoteza fahamu vyote malaria kali na sepsisi vinaleta pia, lazima kupima. Ila na kuongeza ovyo hakusaidii, Malawi waliwajaribishia watoto waliokuwa kati ya 2.5 na 5 kwa kuwapa sukari ya mapema na vifo havikupungua.

Na kabla hujaamini hiyo 13 uliza kidole kilifutwa? Mtoto kashika chungwa au juisi, vidole vinanata, kimashine kinapima na juisi. Damu ikichukuliwa mkono uleule unaopitisha dripu ya dekstrosi nayo inadanganya, na kidole kikiwa cha baridi sababu damu haifiki vizuri namba ya kidoleni haiaminiki, bora ichukuliwe ya mshipani ipelekwe maabara.