Maana ya "kani ya tano" na jinsi inavyotafutwa ndani ya atomu

Kani ya tano ni jina ambalo wanafizikia huipa kani ya msingi ambayo haijathibitishwa, lakini ambayo huenda ipo pamoja na zile nne anazofundishwa mwanafunzi wa sekondari pale Moshi: uvutano, sumakuumeme, na kani mbili za kiini cha atomu, ile kali na ile dhaifu. Wengi hudhani kwamba jambo kama hilo hutafutwa kwa mashine kubwa za kugonganisha chembe tu, kumbe upo utafutaji mwingine unaofanyika kwa leza na atomu chache zilizonaswa katika ombwe.

Njia yenyewe hutegemea isotopi, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Kalsiamu 40, 42, 44, 46 na 48 zote zina protoni 20, zikitofautiana kwa idadi ya nyutroni. Elektroni inapopanda ngazi ya nishati hufyonza mwanga wa masafa maalumu (idadi ya mitetemo kwa sekunde), na masafa hayo husogea kidogo mno kutoka isotopi moja hadi nyingine, kwa kuwa uzito na ukubwa wa kiini vimebadilika. Mwaka 1963 mwanafizikia W. H. King alionyesha kwamba misogeo hiyo ikipimwa katika mipando miwili tofauti ya elektroni, kisha ikarekebishwa kwa kuzingatia uzito wa viini na kuchorwa kwenye grafu, nukta zinapaswa kukaa kwenye mstari mnyoofu. Ikiwa ipo chembe isiyojulikana inayopitisha kani kati ya elektroni na nyutroni, mstari huo utapinda.

Usahihi unaotakiwa katika kupima misogeo hiyo ni wa kiwango cha saa za atomu, yaani saa zinazopima muda kwa masafa ya mwanga unaofyonzwa na atomu. Moja ikikaa Moshi mjini na nyingine katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ile ya juu ingetangulia kwa takriban mikrosekunde 17 (sehemu 17 za milioni za sekunde) kwa mwaka kwa sababu ya uvutano. Na saa bora za leo hutambua hata tofauti ya kimo cha sentimita moja.

Ugumu, kwa maoni yangu, hauko kwenye kuona mpindo bali kwenye kuufasiri. Mwaka 2020 vipimo vya kalsiamu vya Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, vilitoa mstari mnyoofu, ilhali vile vya metali ya itabiamu vya chuo cha MIT, Marekani, vilionyesha mpindo, ambao baadaye ulihusishwa zaidi na umbo la kiini lisilo la mviringo kamili. Mwaka 2025 watafiti wa Zurich, Braunschweig na Heidelberg waliuona mpindo katika kalsiamu pia, na huo nao huenda ukatokana na kiini kuvurugwa kidogo na elektroni zake. Kwa sasa, basi, vipimo hivi huweka kikomo tu cha nguvu ambayo kani hiyo, ikiwa ipo, haiwezi kuizidi.