Maswali tisa, alama 12: je, nina sonona?

Ukienda kliniki ya CTC (ya wenye VVU), ya wajawazito au ya kisukari, siku nyingine muuguzi huanza na karatasi ya maswali kuhusu raha, usingizi na mawazo, kutafuta dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Wengi hutoka wakiwa na namba wasiyojua waifanyie nini. Majibu haya ni ya watu wa huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe, ila mengi yanamfaa yeyote aliyewahi kujaziwa dodoso la namna hiyo.

Nilikwenda kuchukua dawa, nikasomewa maswali tisa, nikaambiwa nimepata 12. Ndiyo kusema nina sonona?

Bado haijasema hivyo. Wala haijasema huna. Dodoso hilo huitwa PHQ-9, lilichapishwa Marekani mwaka 2001. Linauliza juu ya wiki mbili zilizopita: kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona hufai, kushindwa kuweka akili mahali pamoja, kuwa mzito au kutotulia, na mwisho mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Mstari unaotumika sana ni 10.

Wewe umeuvuka. Maana yake unastahili kukaa na mtu wa kukuuliza kwa kina: hali hii ilianza lini, kuna msiba nyumbani, pombe unakunywa kiasi gani, damu ikoje. Shingo nayo iangaliwe, maana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, huku kwetu si ugonjwa wa kigeni, na tezi ikifanya kazi chini ya kiwango mtu huwa mzito, mchovu na mwenye huzuni vilevile.

Mbona kipimo cha malaria kinajibu ndiyo au hapana? Hiki kwa nini kinazungukazunguka?

Malaria ina kimelea, na kipimo kinatafuta alama zake kwenye damu. Sonona haina kitu cha kukamata kwenye tone la damu. Tunachobaki nacho ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, na maneno hayo nayo inabidi yapimwe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kliniki ina watu 100, na 10 kati yao wana sonona kweli. Dodoso ni zuri: katika kila wagonjwa 10 linanasa 8, na katika kila watu 10 wasio na sonona linawaacha 8 waende zao. Hesabu sasa. Wagonjwa 10, limenasa 8. Wazima 90, limewakamata kwa makosa 18. Waliovuka mstari wako 26, na wagonjwa wa kweli ni 8 tu. Hapo hakuna aliyekosea kujumlisha, na karatasi haina kasoro. Ndivyo mambo yanavyokuwa ugonjwa unapokuwa kwa wachache. Kwa hiyo mhudumu anayeandika dawa kwa kuangalia alama peke yake, mimi simwelewi. Kazi ya dodoso ni kuonyesha nani aitwe ndani kwa mazungumzo marefu zaidi. Na wale wagonjwa 2 lililowaacha je? Ndiyo maana mtu mwenye alama 6 anayesema hali yake ni mbaya asikilizwe, asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba.

Dodoso lenyewe linapimwaje?

Kwanza linatafsiriwa, kisha mtu mwingine asiyeliona la awali analirudisha kwenye lugha lilikotoka, walinganishe. Halafu watu wachache wanasomewa swali moja moja na kuulizwa: umeelewa nini hapa? Hatua hii ndiyo hufichua mengi. Majibu ya PHQ-9 yanamtaka mtu achague kati ya “hakuna kabisa”, “siku kadhaa”, “zaidi ya nusu ya siku” na “karibu kila siku”. Mzee aliyetoka shambani hagawanyi siku zake kwa nusu. Muuguzi mzoefu anamwambia: “Baba, tuanzie Jumapili ya juzi kuja leo,” anamwekea punje 14 za maharage mezani, amtolee zile siku alizokosa usingizi.

Baada ya hapo, kundi kubwa linajaza dodoso, na kila mmoja anahojiwa na daktari wa afya ya akili ambaye hajaziona alama zake. Kisha wanaangalia dodoso na daktari wamekubaliana wapi, na mstari ukiwekwa 8, 10 au 12 nani atakamatwa na nani ataachwa. Wengine hujaziwa tena baada ya muda mfupi, kuona kama namba inabaki palepale kwa mtu ambaye hali yake haijabadilika.

Mstari uliopatikana ni wa wale waliopimwa. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya dodoso jingine, lenye maswali 25, lililopimwa Dar es Salaam kwa wajawazito wenye VVU. Yanatusaidia, ila mstari wao usihamishiwe Makete kwa mkulima wa viazi mwenye umri wa miaka 60 kana kwamba ni mtu yuleyule.

Mimi nachoka kwa sababu ya kazi. Hilo nalo ni sonona?

Swali zuri, na watunga madodoso wanalijua. Msimu wa kuchimba viazi nani hachoki? Mama mwenye kichanga halali. Mwenye kifua kikuu hana hamu ya kula. Alama 5 au 6 zinaweza kupatikana bila huzuni yoyote. Kuna dodoso la mwaka 1983, HADS, lililotungwa kwa wagonjwa wa hospitali, nalo liliacha kwa makusudi maswali mengi ya mwili. Kwa wajawazito na waliojifungua lipo la Edinburgh, la mwaka 1987, lenye maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita. Kwa hiyo usiangalie jumla tu. Angalia alama zimetoka wapi. Maswali mawili ya kwanza, hamu na huzuni, ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Nilikwenda na shemeji yangu, nikajibu “hakuna” kila mahali.

Ni wengi. Sisi hata tukiwa hoi, ukitusalimia “kamwene” tunaitika na kumshukuru Mungu. Una haki ya kuomba mbaki wewe na muuguzi, wawili tu. Shemeji asubiri kwenye benchi.

Swali la tisa ndilo linalofichwa zaidi, na kuna sababu: Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini kuwa na mawazo hayo na kumwambia muuguzi si kujaribu. Sema. Na kwenye swali hilo hakuna mstari wa kusubiri: ukipata 1 tu pale, mhudumu asikuache uondoke bila mazungumzo, hata kama jumla yako ni 4.

Naweza kujijazia kwenye simu?

Unaweza, PHQ-9 haiuzwi. Jaza ukiwa peke yako, usijaze siku ya kutoka msibani, na andika tarehe. Ukivuka 10, au hujafika lakini kazi na nyumbani vinakushinda, ipeleke zahanati au kituo cha afya; wakishindwa wakuandikie rufaa ya hospitali ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kwa walio karibu. Kama swali la tisa halikuwa 0, nenda leo hiihii, na usiende peke yako. Ukianza matibabu lijaze tena baada ya wiki chache, lilelile, ili daktari aone namba inashuka au imegoma.