Je, wajua kwa nini mwenye njaa anaweza kuishtaki serikali yake, lakini hawezi kuishtaki nchi tajiri?

Watu wasio na pa kulala wamewahi kuifikisha serikali yao mahakamani na kushinda. Watu walioandamwa na njaa wamewahi kuwapata majaji wakaamuru chakula kitolewe. Lakini hakuna mahakama ya kimataifa ambayo fukara anaweza kuiendea na kudai kwamba sera za nchi nyingine, iliyo tajiri na iliyo mbali, ndizo zinazomnyima riziki. Haki inayodaiwa ni ileile. Kwa nini basi mlango mmoja uko wazi na mwingine umefungwa?

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi hudhani umaskini ni suala la huruma na siasa tu. Mkataba ulioanzisha Umoja wa Mataifa mwaka 1945, katika ibara za 55 na 56, unazitaka nchi wanachama kuchukua hatua, kila moja kivyake na zote kwa pamoja, ili hali ya maisha ya watu iwe bora. Miaka mitatu baadaye, Desemba 10, 1948, Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu likatamka wazi kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha maisha kinachomtosha yeye na familia yake: chakula, mavazi, nyumba, matibabu. Tamko halikuwa mkataba wa kuzifunga nchi kisheria. Kazi hiyo ilifanywa na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, uliopitishwa mwaka 1966 na kuanza kutumika Januari 1976. Leo zaidi ya nchi 170 zimeuridhia. Marekani iliutia saini mwaka 1977 na mpaka sasa haijauridhia.

Ndani ya mkataba huo kuna maneno ambayo serikali nyingi hupenda kujificha nyuma yake: haki hizi zitatimizwa hatua kwa hatua, kwa kadiri ya rasilimali zilizopo. Ukiyasoma haraka utadhani kila nchi imeruhusiwa kungoja mpaka itajirike. Sivyo. Kamati ya wataalamu inayosimamia mkataba ilifafanua mwaka 1990 kwamba kuna kiwango cha chini kabisa ambacho hakingoji. Nchi ambayo idadi kubwa ya watu wake hawana chakula cha lazima, tiba ya msingi, mahali pa kujisitiri au elimu ya msingi, inachukuliwa kuwa imeshindwa kutimiza wajibu wake, na ikitaka kujitetea kwa kukosa fedha ni lazima ithibitishe kwamba ilitumia kila ilichonacho na kuyapa mambo hayo kipaumbele. Kwangu mimi hapa ndipo penye nguvu ya sheria yote hii. Anayeulizwa maswali si maskini tena, eti kwa nini hana. Anayeulizwa ni mwenye kupanga bajeti.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa Septemba 1998, mamia ya watu waliondoka Wallacedene, mtaa wa mabanda nje ya Cape Town ambako robo ya kaya hazikuwa na kipato chochote na sehemu yake ilituama maji. Wakahamia kiwanja jirani kilichokuwa kitupu, ila kilikuwa na mwenyewe. Mei 1999, baridi ikianza kukaza, waliondolewa kwa nguvu. Vibanda vilibomolewa kwa tingatinga na kuchomwa moto, vyombo vyao vikaharibiwa. Wakaishia kwenye uwanja wa michezo, chini ya vipande vya plastiki, mvua ikiwanyeshea. Walikuwa watu wazima 390 na watoto 510. Kesi yao ilibeba jina la mmoja wao, Irene Grootboom.

Serikali haikuwa imekaa bure. Ilikuwa na mpango mkubwa wa kujenga nyumba, na ilikuwa imejenga nyingi. Mahakama ya Katiba, Oktoba 2000, ilikubali hilo, kisha ikaonyesha pengo: mpango mzima haukuwa na chochote kwa mtu ambaye leo usiku hana pa kuweka ubavu. Mpango unaomruka aliye taabani kuliko wote, mahakama ikasema, haukidhi katiba. Majaji hawakukubali kupanga kiwango cha chini kama ilivyofanya kamati ya Umoja wa Mataifa; waliuliza tu kama hatua zilizochukuliwa ni za busara na zinamjali mwenye dhiki kubwa. Hukumu hiyo inafundishwa katika vyuo vya sheria duniani kote. Irene Grootboom mwenyewe alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kwenye kibanda. Ushindi wa mahakamani haujengi ukuta wala haupaui paa, na mtu anayezitetea haki hizi asipolisema hilo atakuwa anawadanganya wanaomsikiliza.

India ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2001 ukame uliyakumba majimbo kadhaa huku maghala ya serikali yakiwa yamejaa nafaka, nyingine ikioza. Watetezi wa haki wakaenda Mahakama ya Juu na hoja rahisi: katiba inalinda uhai, na uhai haupo bila chakula. Novemba 28, 2001, mahakama iliamuru shule zote za msingi za serikali ziwapikie watoto chakula cha mchana, na ikaendelea kuisimamia kesi hiyo kwa miaka mingi kwa kuteua makamishna wa kufuatilia utekelezaji. Mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria ya taifa ya usalama wa chakula. Nafaka haikuwa imepungua hata kidogo tangu mwanzo. Kilichopungua kilikuwa amri ya kuitoa.

Barani Afrika, mwaka 2001 hiyohiyo, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua malalamiko kuhusu watu wa Ogoni, kwenye delta ya mto Niger. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1981 hautaji haki ya chakula popote. Tume ilisema imo humo hata hivyo, ndani ya haki ya uhai, ya afya na ya maendeleo. Napenda uamuzi huu kwa sababu unaonyesha sura tatu za wajibu wa serikali. Wa kwanza ni kuheshimu: askari wa serikali ya Nigeria waliharibu mashamba na mifugo, yaani serikali yenyewe iliwanyang'anya watu chakula walichokuwa nacho. Wa pili ni kulinda: iliacha kampuni za mafuta zichafue ardhi na mito ambayo watu waliitegemea. Wa tatu ni kutimiza, yaani kumpa au kumwezesha asiyeweza kujipatia. Watu wakisikia haki ya chakula hukimbilia huo wa tatu na kuuliza fedha zitatoka wapi. Wajibu wa kwanza hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji serikali iache kufanya ubaya.

Tangu Mei 2013 kuna njia ya kimataifa pia. Itifaki ya Hiari, yaani makubaliano ya nyongeza ya mkataba ule wa 1966, inamruhusu mtu aliyemaliza ngazi zote za mahakama za nchini kwake kupeleka malalamiko kwa kamati ileile ya wataalamu, iliyoko Geneva, mradi nchi yake imeiridhia itifaki. Mwaka 2017 kamati iliamua kesi ya familia yenye watoto wawili wadogo iliyotolewa kwenye chumba cha kupanga mjini Madrid mkataba wa pango ulipoisha. Baba alikuwa ameomba nyumba ya umma tena na tena kwa zaidi ya miaka kumi. Kamati iligundua kwamba wakati familia kama hiyo inasubiri, mamlaka za mkoa zilikuwa zinauza sehemu ya nyumba za umma kwa kampuni za uwekezaji. Hispania ikaonekana imekiuka mkataba. Umaskini, kama unavyoona, si kosa la nchi maskini peke yake.

Katika kesi zote hizo mshtakiwa alikuwa serikali ya mahali pale pale mtu anapoishi. Sasa tufike mpakani.

Sababu ya kwanza ya mlango kufungwa ni ya kiufundi. Itifaki inapokea malalamiko ya watu walio chini ya mamlaka ya nchi inayolalamikiwa. Mkulima aliyepoteza soko lake kwa sababu ya ruzuku za nchi nyingine, au mgonjwa aliyekosa dawa kwa sababu ya masharti yaliyopangwa mbali, kwa tafsiri ya kawaida hayumo chini ya mamlaka hiyo. Akijaribu mahakama za nchini kwake anakutana na kinga: nchi huru haihukumiwi na mahakama za nchi nyingine kwa matendo yake ya kiserikali, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikazia kanuni hiyo mwaka 2012 katika kesi ya Ujerumani dhidi ya Italia. Mahakama hiyo yenyewe husikiliza kesi kati ya nchi na nchi. Mtu binafsi hana nafasi.

Sababu ya pili si ya kiufundi hata kidogo. Mkataba wa 1966 unasema kila nchi itachukua hatua peke yake na kwa njia ya msaada na ushirikiano wa kimataifa. Ibara ya 11 inaongeza kwamba nchi zihakikishe chakula cha dunia kinagawanywa kwa haki, kulingana na mahitaji. Maneno hayo yapo, yamechapwa na yameridhiwa. Lakini itifaki ilipokuwa ikijadiliwa, nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Ufaransa na Canada, zilishikilia kwamba ushirikiano huo ni wajibu muhimu wa kimaadili, si jambo ambalo mtu anaweza kulidai kisheria. Siikubali hoja hiyo. Huwezi kuridhia mkataba wa sheria halafu uchague sentensi moja ndani yake uiite nasaha.

Lengo la misaada nalo lina hadithi kama hiyo. Mwaka 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kwa maendeleo ya nchi nyingine. Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg zimelifikia kwa miaka mingi. Nyingi nyingine hazijawahi. Hakuna adhabu, kwa sababu lilikuwa azimio na ahadi tu. Huku Benki ya Dunia, ambayo Juni 2025 ilipandisha mstari wa ufukara hadi dola 3 kwa siku, inakadiria kuwa watu takriban milioni 800 wako chini ya mstari huo.

Hata hivyo nadhani tumeshughulika na misaada kupita kiasi, na hapo ndipo mjadala unapopotea. Zile sura tatu za wajibu zinavuka mpaka pia, na ya kwanza ni nyepesi kuidai kuliko ya tatu. Kabla ya kuuliza nchi tajiri imetoa kiasi gani, tuulize inaharibu nini. Mwaka 2011 wataalamu wa sheria waliokutana Maastricht, Uholanzi, waliandika kanuni zinazosema kwamba nchi inawajibika kwa madhara yanayoweza kutabirika ambayo sera zake zinawaletea watu walio nje ya mipaka yake. Kanuni hizo si mkataba, lakini wazo limeanza kushika mizizi katika vyombo rasmi. Novemba 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa inayotetea haki za wanawake iliitaka Uswisi ichunguze jinsi usiri wa benki zake na sera zake za kodi kwa makampuni zinavyoathiri haki za wanawake katika nchi nyingine. Mantiki yake inaeleweka: fedha iliyofichwa ughaibuni bila kulipiwa kodi ni fedha isiyofika kwenye zahanati ya mama mjamzito. Haikuwa hukumu, lakini nchi tajiri iliulizwa na chombo cha sheria ya kimataifa kuhusu maisha ya watu wasio raia wake wala wakazi wake.

Jambo kama hilo lilitokea kwenye biashara mwaka 2001 huko Doha, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilipokubaliana kwamba mkataba wa shirika hilo kuhusu haki za uvumbuzi na ubunifu usizizuie nchi kulinda afya ya watu wake, na kwamba kila nchi ina haki ya kuruhusu dawa yenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuitengeneza peke yake, itengenezwe bila idhini ya mwenye hataza. Wakati ule ukimwi ulikuwa unaua mamilioni, na dawa zilikuwepo ila bei yake haikushikika. Kanuni zilikuwa zimeandikwa na watu, na watu wakazilegeza.

Mapambano ya sasa yako kwenye kodi. Kwa msukumo wa nchi za Afrika, Baraza Kuu lilipitisha Desemba 2024 mwongozo wa kujadili mkataba wa Umoja wa Mataifa wa ushirikiano wa kodi, na majadiliano yamepangwa kukamilika mwaka 2027. Marekani ilijitoa Februari 2025, siku ya kwanza ya vikao vya maandalizi mjini New York. Miongoni mwa misingi iliyotajwa kwenye mwongozo huo ni kwamba ushirikiano wa kodi uendane na wajibu wa nchi chini ya sheria ya kimataifa ya haki za binadamu. Msingi huo ukibaki kama kifungu chenye meno ndani ya mkataba wenyewe, nchi zitakazouridhia zitakuwa zimekubali, kwa maandishi ya kisheria, kwamba jinsi zinavyotoza kodi kwao ni suala la haki za watu wa kwingine. Ukifutwa au ukisukumwa kwenye utangulizi, itabidi hoja hiyo ianze upya.